Kifurushi Kisimtwike Mpakuaji Mzigo Usio Wake
Jioni moja nikiwa nyumbani Kasarani, bando langu la siku liliisha nikipakua maktaba ndogo ya Python, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa kwa lugha hiyo ya programu ili wengine wautumie, na kesho yake nilipokifungua kifurushi kizima kazini, nilikuta sehemu kubwa ni data za majaribio na picha za maelezo ambazo programu yangu haikuzihitaji hata kidogo. Naamini kwa dhati kwamba vitu hivyo vibaki kwenye hazina ya msimbo, kwa ajili ya wanaotaka kuchangia. Faili ya leseni, hata hivyo, isiachwe nje kamwe, kwani leseni kama ya MIT, mojawapo ya leseni za programu huria, hudai iambatane na kila nakala.

Maktaba yenye sehemu za lugha ya C itolewe pia kwa muundo wa wheel, yaani kifurushi cha Python kilichokwisha kujengwa, ambao huja ukiwa tayari kutumika. Bila huo, mtumiaji hulazimika kwanza kutafuta kompaila, programu ya kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, na wengi hukata tamaa hapo.

Tena toleo lililokwisha kutangazwa lisiondolewe: Machi 2016, left-pad, maktaba ya lugha ya JavaScript yenye mistari 11 tu, ilipofutwa kwenye npm, ghala la vifurushi vya lugha hiyo, miradi mingi iliyoitegemea ilishindwa kujengwa.