Maili 469 za Blue Ridge: Wapi Tusimamishe Pikipiki

Blue Ridge Parkway, barabara ya milimani nchini Marekani, ina urefu wa maili 469, yaani kilomita 755, kutoka Rockfish Gap katika jimbo la Virginia hadi Cherokee, North Carolina. Njia nzima imejaa maegesho yaliyojengwa kwa kazi moja tu, kutazama milima, na ugumu wa safari uko hapo hapo. Ukisimama kila mahali giza litakukuta njiani. Usiposimama, umeipita tu. Mimi na rafiki yangu, kila mtu na pikipiki yake, tulikaa na ramani jioni kadhaa kabla ya kuondoka, na tulichobishania zaidi hakikuwa mahali pa kulala wala mwendo. Yeye alitaka kusimama kila penye uwazi. Mimi nilitaka vituo vichache, kila kimoja kwa saa yake.

Barabara yenyewe inampendelea mwenye pikipiki. Ilianza kujengwa mwaka 1935 kwa ajili ya watalii, malori na magari ya biashara hayaruhusiwi, na kikomo cha mwendo sehemu kubwa ni maili 45 kwa saa, kama kilomita 72. Kila maili ina nguzo yenye namba, sifuri ikiwa kaskazini tulikoanzia. Hivyo orodha yetu ilikuwa namba tupu kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya tanki, na kando ya kila namba mshale: kulia au kushoto.

Mshale ule ulikuwa na maana kuliko namba. Safu ya Blue Ridge imelala kutoka kaskazini mashariki kwenda kusini magharibi. Ukielekea kusini, maegesho ya mkono wa kulia kwa kawaida yanatazama magharibi, kwenye bonde kubwa, na ya kushoto yanatazama mashariki. Tena Marekani magari hupita upande wa kulia, kwa hiyo kituo cha kulia unateleza tu ndani, ila cha kushoto lazima ukate njia ya wanaokuja, mara nyingi karibu na kona ambayo huoni nyuma yake kuna nini. Tukakubaliana: asubuhi, barabara ikiwa bado tupu na jua linachomoza upande huo, tunasimama kushoto. Kuanzia alasiri ni kulia tu. Kanuni hiyo moja ilifuta nusu ya ubishi wetu.

Jua lilitupangia jambo jingine pia. Oktoba, ukiwa unaelekea kusini magharibi, asubuhi linakuwa nyuma yako upande wa kushoto na kila kitu mbele yako kinang'aa vizuri. Kuanzia saa tisa alasiri linakuingia machoni, na kuendesha kwenye kona ukiwa umekunja uso hakuna raha wala usalama. Saa hizo tuliziweka za kutembea kwa miguu.

Kituo ninachokikumbuka kwa mwili kuliko kwa macho ni Mto James, maili ya 63. Hapo ndipo chini kabisa katika njia nzima, mita 198 kutoka usawa wa bahari. Majani ya miti yalikuwa bado ya kijani na tulivua glovu. Kufika maili ya 76, Apple Orchard Mountain, unakuwa umepanda hadi mita 1,204. Hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na juu ya pikipiki upepo huongeza yake. Kwa hiyo kule mtoni, joto likiwa bado lipo, tulivaa sweta chini ya jaketi na kufunga zipu hadi shingoni. Rafiki yangu alilalamika kwamba anatokwa jasho. Kona chache baadaye majani yakawa ya njano, kisha mekundu, na kileleni matawi yalikuwa karibu matupu. Tulipanda msimu mzima wa kupukutika kwa majani kwa chini ya saa moja.

Petroli nayo inataka akili, kwa sababu Parkway yenyewe haina kituo hata kimoja cha mafuta. Lazima utoke. Tulichofanya ni kuunganisha: tunatoka pale ambapo karibu yake kuna cha kutazama. Kinu cha maji cha Mabry kiko maili ya 176, na barabara ya US 58 inakatiza maili ya 177. Unapumzika kando ya bwawa, unatazama gurudumu la mbao, halafu unatoka kujaza tanki na kurudi. Hatukuruhusu tanki lishuke chini ya nusu.

Nilikuwa nimeapa kwamba daraja la Linn Cove Viaduct, maili ya 304, haitapitwa hivi hivi. Hiki ndicho kipande kilichokamilisha barabara nzima mwaka 1987, zaidi ya miaka 50 tangu ujenzi uanze. Daraja la mita 379 limepinda kuufuata ubavu wa Grandfather Mountain bila kuukata. Vipande vyake 153 vya zege viliwekwa kimoja baada ya kingine kutokea juu ya daraja lenyewe, ili mawe na miti ya chini isiharibiwe. Ukiwa juu yake huoni chochote cha haya, unahisi tu kona laini. Ndiyo maana tuliegesha Rough Ridge, maili ya 302, tukapanda kwa miguu hadi kwenye njia ya mbao. Kutoka pale daraja lilionekana lote, na pikipiki zikipita juu yake hatukusikia hata mlio.

Maegesho mengi yana mteremko. Elekeza tairi la mbele upande wa juu, ingiza gia ya kwanza, ndipo uteremshe stendi. Na kabla ya mahandaki, yaliyo mengi upande wa North Carolina, vua miwani ya jua. Moja lao, Pine Mountain, lina mita 437.

Mlima Mount Mitchell, mita 2,037, tuliuacha. Ndio mrefu kuliko yote mashariki ya Mto Mississippi, lakini siku hiyo kilele kilikuwa ndani ya wingu, na kupanda kwenda kutazama weupe si haki kwa siku fupi ya Oktoba. "Sasa twende wapi?" rafiki yangu aliuliza. Kwa kila kituo cha juu tulikuwa na mbadala wa chini, kwa hiyo tulishuka tu.

Machweo tuliyaweka Cowee Mountains Overlook, maili ya 430, kilomita moja hivi kabla ya sehemu ya juu kabisa ya barabara, mita 1,845. Safu za milima zimepangana hadi mwisho wa macho. Katikati ya Oktoba jua huzama huko dakika chache kabla ya saa moja jioni, na nilipachagua kwa sababu ya kinachofuata: njia ya kutoka ya Balsam Gap iko maili ya 443. Kulungu hutoka jioni, na sikutaka tuwe na zaidi ya kilomita 20 za giza.

Anayepanga sasa aangalie kwanza ramani ya hali ya barabara ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, maana kimbunga Helene cha Septemba 2024 kilisababisha maporomoko yaliyofunga sehemu kadhaa za North Carolina. Na anayeanzia Cherokee kwenda kaskazini ageuze mishale yote: kulia kwake ni mashariki, na machweo yatamtaka akate barabara.