Bunyonyi: Milima Inayolimwa Mpaka Kileleni

Kutoka Bukoba hadi Kabale ni safari ya kutwa nzima, tena magari yakikubali. Unavuka Mutukula, mpaka wa Tanzania na Uganda, unashika njia ya Masaka, halafu Mbarara na Ntungamo, na kuanzia hapo hewa inabadilika. Kabale kuna baridi ya kweli. Stendi niliwakuta wauza mahindi ya kuchoma wamevaa makoti mazito, na waendesha bodaboda wamefunga mitandio shingoni. Mmoja wao akanipandisha kile kilima kinachotenganisha mji na ziwa, tukateremka upande wa pili mpaka Rutinda, mahali mitumbwi inapoegeshwa.

Ziwa Bunyonyi liko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari. Zamani lilikuwa bonde la mto; volkano ikamwaga lava, lava ikaziba njia ya maji, bonde likajaa. Ndiyo maana maji yameingia kila pembe kati ya milima, na vilele vifupi vimebaki vikiwa visiwa, 29 kwa hesabu ya kawaida. Wageni huambiwa kina chake ni mita 900. Wanasayansi waliopima hawakufika hata mita 50, na mimi sioni haja ya kuliongezea. Lilivyo linatosha.

Lakini nilipofika sikuangalia maji kwa muda mrefu. Niliangalia milima. Kila mlima, kuanzia ukingoni hadi kileleni, umekatwa vipande vipande: hapa maharage, pale viazi mviringo, juu yake mtama, kisha mstari wa nyasi, kisha viazi tena. Kuna miteremko ambayo sisi wa Kagera tungewaachia mbuzi. Huko mtu analima akiwa ameinama huku uso unakaribia kugusa udongo wa mbele yake.

Boti za injini zipo, ila nilitaka kwenda polepole. Nikapatana na mzee mmoja mwenye mtumbwi wa gogo. Nilipomwamkia, "Agandi, muzee," akajibu "Ni marungi," halafu akanitazama vizuri na kuniuliza kama mimi ni wa Bukoba. Alinijua kwa lafudhi. Kihaya na Rukiga, lugha ya huku, ni ndugu, na Kiswahili alikuwa amekiokota zamani akiwa utingo wa malori ya Mombasa, kwa hiyo tuliongea kwa kuchanganya, bila kukwama.

Mtumbwi wenyewe ni mkaratusi mmoja uliochimbwa ndani. Alama za tezo bado zinaonekana, na ukipitisha kiganja unazihesabu moja moja. Pembeni ya mguu wangu kulikuwa na dumu la mafuta lililokatwa nusu, la kuchotea maji yanayoingia. Mzee alipiga kafi upande mmoja tu, na kila mwisho wa pigo alikizungusha kifundo cha mkono kidogo, mtumbwi ukabaki umenyooka. Mgeni akipewa kafi hilo, mtumbwi unazunguka papo hapo. Watoto wa huku wanaiweza kazi hiyo kabla hawajajua kusoma, maana ndiyo njia yao ya shule, ya zahanati na ya sokoni.

Tulipita karibu na Akampene. Ni kisiwa kidogo mno, nyasi na miti michache. Hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa aliletwa hapa na ndugu zake akaachwa afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Mwanamume maskini asiye na ng'ombe wa mahari angeweza kuja kumchukua akawa mkewe bure. Mzee alinieleza hayo akiwa ameacha kupiga kafi. Boti ya watalii ilipita ikipunguza mwendo, watu wakapiga picha, ikaendelea. Mimi sikupiga. Wasichana wale walikuwa na majina, na familia zilizowaleta zilikuwa zikikaa kwenye milima hii hii, zikikiona kisiwa kila asubuhi.

Kisiwa cha Bwama ni habari nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari mmisionari Mwingereza, Leonard Sharp, aliyekuwa amefika Kabale mwaka 1921, alianzisha huko makazi ya waliougua ukoma. Watu waliofukuzwa makwao walipata nyumba, mashamba, kanisa na matibabu. Dawa zilipopatikana na ugonjwa ukapungua, makazi yakafungwa, na leo majengo ni ya shule. Tulisikia kengele, kisha kelele za wanafunzi.

Njiani nilimuuliza mzee ana shamba kubwa kiasi gani. Akaanza kunionyesha kwa kafi: kipande kile chini ya mikaratusi, kingine ng'ambo, kingine nyuma ya mlima ambao hatukuuona. Baba yake aligawiwa na babu, yeye akagawiwa na baba, na kila mgao umekata kila kipande, ili kila mtoto apate kidogo cha bondeni na kidogo cha mlimani. Hapo nikaielewa ile milima. Kabale ya zamani, kabla Rubanda na Rukiga hazijawa wilaya, ilikuwa na watu zaidi ya 528,000 katika sensa ya 2014, zaidi ya 300 kwa kilomita moja ya mraba, na kilomita hizo ni za miteremko.

Wingi huu si wa jana. Wakiga, wenyeji wa milima hii, walizuia udongo kwa mistari ya nyasi tangu zamani. Wakoloni wakaja na vipimo na amri zao. Mwaka 1946, chini ya afisa kilimo J. W. Purseglove, serikali ilianza kuwahamishia watu kaskazini mwa Kigezi, jina la zamani la eneo hili, na baadaye wengine wakaenda Ankole, Toro na Bunyoro. Kaka mkubwa wa mzee yuko Bunyoro. "Kule anapanda mpaka anachoka," aliniambia. "Hapa unachoka kwa kupanda mlima, bado hujagusa jembe."

Wapo pia wasio na kipande hata kimoja. Batwa waliishi misituni kabla ya wote, na Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 1991 walitolewa. Baadhi wanakaa kando ya ziwa hili, wanalima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Ngoma zao zimewekwa kwenye ratiba za watalii. Wengi wao hawajapewa ardhi, na naona hilo ndilo deni kubwa kuliko yote katika eneo hili.

Ukipanga kwenda, lenga siku ya gulio la Rutinda. Mitumbwi inaingia tangu alfajiri ikiwa imejaa kabichi, magunia ya viazi na akina mama wenye watoto mgongoni, na bushera ya mtama inauzwa kwa kikombe hapo hapo ukingoni. Kodi mtumbwi wa gogo, lipa vizuri, na umwombe mwenye mtumbwi akuonyeshe mashamba yake kabla ya visiwa.