Usiitupe waya iliyokatika

Kinachoniweka huku Ellensburg, jimbo la Washington, ni nyasi. Ndugu zangu wa Korogwe bado hawaamini kwamba mtu anaweza kupanda ndege mpaka Marekani kwenda kufunga marobota, lakini bonde hili la Kittitas linaishi kwa kazi hiyo. Theluji ya milima ya Cascade inayeyuka, maji yanashuka kwa mifereji, majani yanaota, na upepo wa hapa, ambao hauna adabu hata kwa mzee aliyevaa kofia yake vizuri, unayakausha. Nyasi nyingi za bonde hili, aina ya timothi, zinapakiwa kwenye makontena kwenda Japani. Bosi wangu yeye anauza lusani, yaani alfalfa, kwa wafugaji wa jirani, na anaifunga kwa bela kuukuu, mashine ya kufunga marobota, inayotumia waya, si kamba.

Kwa mtoto wa mkonge, hilo lilinichoma kidogo. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alituletea miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuvuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kamba nyingi ya mkonge huo iliishia mashambani Ulaya na Marekani, ikifunga nafaka na nyasi, mpaka kamba ya plastiki ikaja kuubwaga. Huku magharibi, ambako marobota ya lusani ni mazito, waya ilijipatia wapenzi wake: haivutiki, na panya hawaitafuni. Tunayotumia ni ya geji 14.5, haifiki unene wa milimita 2, laini kiasi cha kukunjika kwa vidole. Inakuja kwenye boksi, futi 6,500, ambazo ni karibu kilomita 2.

Ili uelewe bela inavyogoma, elewa kwanza inavyofunga. Waya inatoka kwenye boksi, inapita kwenye tundu la sindano iliyo chini ya chumba cha robota, inapanda juu, na ncha yake inang'atwa na kishikio. Planja, lile bamba zito la chuma linalokwenda mbele na nyuma, inashindilia nyasi, nazo zinaisukuma waya kwa nyuma. Robota likitimia urefu, sindano zinapanda zikipita kwenye mianya ya planja yenyewe, kila moja ikileta waya ya pili juu. Ndoano inazisokota mbili pamoja, kisu kinakata, kishikio kinang'ata ncha mpya, sindano zinarudi chini. Ni kufumba na kufumbua.

Sasa robota linatoka limefumuka. Wageni wa kazi hii hukimbilia spana. Wanakaza hapa, wanalegeza pale, saa mbili zinapita na bela imekuwa mbovu kuliko ilivyokuwa. Mzee mmoja wa Kimeksiko niliyemkuta shambani, mtu wa maneno machache, hufanya kitu kimoja tu: anashuka, anaokota waya iliyokatika, anaitazama ncha zake. Hagusi bolti yoyote kabla ya hapo. Mimi naona hiyo ndiyo nusu nzima ya ufundi wa bela ya waya.

Ncha iliyokonda kama imevutwa, tena jirani na msokoto, inasema robota limebanwa kupita kiasi, au ndoano ina mkwaruzo unaoila waya. Ncha iliyonyooka, yenye alama ya meno kisha mchubuko mrefu, ni ya kishikio kilichoachia. Mara nyingi hakijachakaa. Kuna makapi na vumbi vilivyojishindilia humo mpaka hakifungi. Waya ikikatika mbali kabisa na msokoto, tafuta kutu, kikunjo, au chuma chenye makali ndani ya chumba. Pengine ni mahali ulipounga boksi jipya na la zamani kwa haraka haraka.

Inayosumbua zaidi ni ile yenye upande mmoja umejiviringa vizuri na wa pili umenyooka bila hata kona. Hapo ndoano ilikamata waya moja tu. Mzee anazima trekta, anatia ufunguo mfukoni, anasubiri flaiwili, lile gurudumu zito la bela, isimame kabisa, maana huendelea kuzunguka yenyewe baada ya PTO, shafti ya trekta inayoiendesha bela, kukatwa, na wapo walioachia vidole hapo. Kisha anafungua klachi inayoendesha sindano na ndoano na kuizungusha flaiwili kwa mikono, taratibu, huku mimi nimechuchumaa juu na tochi. Sindano ya kulia inapanda. Waya inatakiwa ije ilale kwenye njia ya ndoano. Hii inapita pembeni, kwa upana wa ukucha tu. Ndoano inazunguka, inakamata ile ya zamani, mpya inaikosa. Sindano imepinda. Bila kuizungusha kwa mkono usingeliona hilo.

Na sindano hupinda kwa sababu. Kwenye flaiwili kuna bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike kitu kikikwama. Mtu akichoka kuibadilisha anatia bolti ngumu, na siku planja itakapokutana na sindano, kitakachokatika si bolti tena.

Lusani tunaifunga alfajiri, umande ukiwepo, la sivyo majani yote yanapukutika chini na kubaki vijiti. Lakini unyevu ukizidi asilimia 20 robota linapata joto na ukungu, na ghala limeweza kuungua kwa hilo. Umande pia unaongeza msuguano chumbani, kwa hiyo unalegeza vibano vinavyolibana robota alfajiri na kukaza kadiri jua linavyopanda. Asiyejua hilo atailaumu waya kila asubuhi. Mengine ni usafi: kupuliza makapi kwa kompresa kila jioni, grisi, na mtungi wa kuzimia moto usiwe mbali.

Shemeji yangu aliye Naivasha ameniuliza kama anunue bela ya waya aliyoonyeshwa kwa bei ya kutupa, afunge nyasi za boma rhodes. Nimemwambia hapana. Kamba ataipata duka lolote la pembejeo. Waya hii ataihangaikia. Halafu kuna ng'ombe wenyewe. Kipande cha waya kikimezwa kinatua kwenye tumbo la pili, na tumbo hilo likijikaza kinaweza kutoboa kuelekea moyoni. Huku wafugaji humezesha ng'ombe sumaku kabisa, ikae tumboni imshikie vyuma. Sasa mteja wa shemeji, mwenye ng'ombe wawili kwenye banda la uani, atazipata wapi sumaku hizo?

Akishupaa, basi asilipe kwa kuangalia rangi. Muuzaji afunge marobota shambani, mazito, mbele ya macho yake. Kisha shemeji ainame aangalie ndoano kama imechimbika mfereji, ashike sindano zote mbili aone kama zinacheza, na aulize bolti iliyoko kwenye flaiwili ilinunuliwa wapi.