Daftari la makosa: kumbukumbu ya miezi mitatu ya kujiandaa kwa LSAT, Kisumu

Wiki ya 1

Kabla ya kusoma chochote nimefanya jaribio zima, nimejifungia chumbani hapa Manyatta, simu ikihesabu muda. Sehemu nne, kila moja dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya ile ya pili. Nimepata 147. Dada yangu mkubwa, anayeuza omena (dagaa wa ziwani) soko la Kibuye, akauliza juu ya ngapi. Nikamwambia 180.

"Si basi umepita?"

Nikamweleza kwamba hakuna kupita wala kufeli, na kwamba alama zinaanzia 120, hata ukikosa kila swali.

"Kumbe yako ni hiyo 27 tu."

Ndiyo hesabu yenyewe.

Kwa asiyeujua, huu ni mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani. Kule hutoki sekondari ukaenda kusomea sheria kama hapa kwetu. Unatangulia na digrii nyingine, yoyote ile. Yangu ni ya historia. Mtihani wenyewe hauulizi sheria hata chembe. Unapewa hoja ya mtu, unatafuta ilipotoboka.

Wiki ya 2

Siku nne zimepotelea kwenye kitabu cha mtumba. Nimekesha nikipanga watu saba kwenye viti saba: huyu hakai karibu na yule, yule anatangulia mwenzake. Halafu nikagundua kwamba sehemu hiyo ya mafumbo iliondolewa Agosti 2024. Huenda ujuzi huo ukanifaa siku ya kupanga meza za harusi.

Siku hizi kuna sehemu mbili za hoja, moja ya ufahamu, na moja ya ziada isiyohesabiwa, ambayo inaweza kuwa ya hoja au ya ufahamu. Hawakuambii ni ipi, kwa hiyo zote unazipigania. Ukinunua kitabu cha zamani, tazama mwaka kwanza, kisha ruka mafumbo. Kurasa za hoja na ufahamu bado zina kazi. Majaribio rasmi nayapata kwenye LawHub, tovuti ya wenye mtihani. Kuna ya bure, na ndiyo niliyoanza nayo.

Wiki ya 5

Hapa ndipo mradi umeanza kunilipa. Nimenunua daftari la kurasa 200. Nikimaliza jaribio sikimbilii majibu. Kwanza narudia bila saa kila swali nililolitilia shaka, naandika jibu la pili kando ya la kwanza, ndipo nasahihisha. Nikikosa mara ya kwanza na kupata ya pili, tatizo ni haraka. Nikikosa mara zote mbili, sijaelewa, na hilo ndilo linaloingia daftarini: jibu nililochagua, na kwa nini lilinivutia. Nimejikataza kuandika "sikuwa makini". Maneno hayo hayajawahi kumfundisha mtu kitu.

Leo nimehesabu: makosa 41, na 17 kati yake ni ya namna moja, sentensi za masharti. Kwa Kiingereza, "only if" na "unless" zinanichanganya kila saa ikikimbia. Nikajaribu kuziandika kwa Kiswahili, na jibu likatoka kwa mwendesha boda wa Kondele aliyenikatalia jana:

"Mimi sibebi mtu bila helmeti."

Hebu itazame hiyo. Nikija na helmeti, ni lazima anibebe? Hapana, huenda hana mafuta, huenda ana abiria mwingine. Lakini ukiniona mgongoni mwake, una hakika nina helmeti. Sharti la lazima ndilo hilo. Na ukichukua "utabebwa only if una helmeti" na "hubebwi unless una helmeti", zote mbili zinageuka sentensi ileile: bila helmeti hubebwi. Neno moja, "bila". Nimeliandika kwa kalamu nene juu ya kitanda.

Ile "-ki-" ndiyo ya kuchunga. Nikisema "ukimaliza kazi nitakulipa", kila mtu hapa mtaani anasikia pia "usipomaliza sikulipi". Mtihani hausikii hiyo ya pili. Unachukua kilichosemwa tu.

Wiki ya 7

Ufahamu. Vifungu vitatu na jozi moja ya vifungu vifupi vya kulinganisha. Mvua kwenye mabati, stima ikapotea dakika ya 12, nikamalizia kwa betri. Sina la maana la kuandika.

Wiki ya 9

Nilifika 156, nikalewa sifa, nikafanya majaribio matatu ndani ya siku nne. La mwisho: 152. Kumbe daftari nilikuwa sijaligusa wiki nzima. Nilikuwa napima tu, sisomi. Sasa ni jaribio moja kwa wiki, siku nyingine zote ni kuchambua. Pia nilikuwa naacha maswali mawili matatu wazi kila sehemu, ilhali jibu baya halipunguzi alama. Sekunde 30 za mwisho ni za kujaza yaliyobaki, hata kwa kubahatisha.

Jioni dada akaja analalamika: "Omena imepanda bei. Ziwa limekwisha."

Maswali ya dhana iliyofichika yananisumbua, nikamfanyia zoezi. Hoja yake inaegemea kitu asichokisema: kwamba wanunuzi hawajaongezeka. Ukitaka kujua kama dhana ni ya lazima, ikanushe uone kama hoja itasimama. Nikamwuliza, "Na kama ziwa liko vilevile, wanunuzi ndio wamezidi?"

Akanyamaza kidogo. "Omera, mtihani huu utakugombanisha na watu."

Wiki ya 12

Majaribio mawili ya mwisho: 158, 159. Nilitaka 160, lakini siku haiahirishwi. Mtu ana nafasi saba za kuufanya maishani, na sina mpango wa kuzimaliza.

Dada amechana kurasa za mwisho za daftari aorodheshe wadeni wake. Juu kabisa ameandika BILA PESA HAKUNA OMENA, na chini yake majina kumi na moja ya watu waliopewa omena bila pesa.