Fidia ya Mguu Wangu na Waliokuja Kuidai

Bahasha ya kwanza ilikuja wiki ya tano baada ya ajali. Nilikuwa bado natembelea magongo, kwa hiyo mwanangu ndiye aliyeshuka kwenye sanduku la barua. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya maswali. Matibabu haya yametokana na ajali? Ilitokea wapi? Nani alikosea? Una wakili? Nikaijaza pale pale mezani jikoni kwa kalamu ya shule ya mtoto, nikiamini nawasaidia hospitali walipwe upesi. Sikujua kwamba waliotuma ile karatasi hawakuwa hospitali. Walikuwa watu walioajiriwa na bima yangu ya kazini kutafuta nani atawarudishia hela zao.

Nimekaa na jambo hili zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuliandika. Naliandika sasa kwa sababu Waswahili wengi hapa Houston, na Dallas, na kokote tunakobeba maboksi, tunazo bima za kazini na tunaendesha magari usiku. Nimeshawasikia watu watatu wakisema, "Nikilipwa fidia yangu nitamalizia nyumba." Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Ajali ilikuwa Novemba 2022, alfajiri, natoka zamu ya usiku ghalani. Barabara ya Bissonnet, taa yangu ya kijani, na pikapu ikatokea kulia bila kusimama. Mguu wa kushoto ulivunjika muundi, karibu kabisa na goti. Wakaufungua, wakaweka bamba la chuma na skrubu saba. Bili ya hospitali ilipita dola 80,000. Bima ya kazini ina bei zake ilizokubaliana na hospitali, ikalipa 23,760 na mambo yakaisha. Hiyo 23,760 ikumbuke, maana yote yanayofuata yanaizunguka.

Aliyenigonga alikuwa na bima ya gari ya kiwango cha chini kabisa ambacho Texas inakiruhusu: dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima, 25,000 kwa mali. Kampuni yake haikubishana. Ilitoa 30,000 zote, na zaidi ya hapo hapakuwa na cha kudai, maana dereva mwenyewe hakuwa na mali. Mimi ningeweza kuwa na bima yangu ya kunilinda dhidi ya dereva mwenye bima ndogo. Sheria ya Texas inailazimisha kampuni ya bima ikupe nafasi ya kuinunua, na usipoitaka uikatae kwa maandishi. Wakala alinitolea ile karatasi mwaka 2019, nikatia sahihi kuikataa ili bili ya kila mwezi ishuke. Nikakataa pia ile ndogo ya matibabu, inayoanzia dola 2,500, ambayo hulipa bila kuuliza nani alikosea. Sahihi mbili katika dakika moja.

Siku wakili aliponiambia 30,000 zimekubaliwa, nilimpigia mama aliyeko Muheza, Tanzania.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mguu?"

Nikamwambia mguu unaendelea, na habari ya hela. Akamshukuru Mungu kwa sauti, nikasikia anamwita dada yangu aje asikie. Nikaahidi mabati. Nikaahidi kisima.

Siku nne baadaye ikaja bahasha ya pili, safari hii kwa wakili. Mpango wa bima ya afya wa mwajiri wangu ulikuwa unadai kurudishiwa dola 23,760, zote, kabla mtu yeyote hajagusa senti.

Wakili akachora hesabu kwenye karatasi ya njano. Thelathini elfu. Theluthi ni yake, 10,000, kama tulivyoandikiana. Gharama za kukusanya rekodi za hospitali, 412. Zinabaki 19,588. Bima inadai 23,760. Kwa hiyo mimi niliyevunjika mguu, nikakaa miezi minne bila mshahara kamili, nilikuwa natakiwa nitoe kila kilichobaki na bado nidaiwe 4,172. Nilimwambia, "Rudia." Akarudia. Mama niliyemwambia jioni alishindwa kabisa kuelewa. "Aliyekugonga ndiye mwenye deni. Na bima si unakatwa kila mwezi? Sasa wanakudai nini tena?"

Swali la mama ni la haki, na nimelitafutia jibu. Wanachosema wao ni hiki: matibabu yalisababishwa na dereva yule, fidia ya dereva yule ina matibabu ndani yake, basi usilipwe matibabu mara mbili. Na hela za mpango, wanasema, ni za wafanyakazi wote. Hapo nakubaliana nao. Kama ningelipwa fidia ya kila kitu, mguu, mshahara, maumivu, na matibabu juu yake, ningewarudishia bila kinyongo. Lakini mimi sikulipwa kila kitu. Nililipwa kiasi kilichokuwemo kwenye bima ya mtu mwingine, na kiasi hicho hakikufika hata nusu ya bili ya hospitali. Mahakama nyingi za Marekani tangu zamani zilikuwa na kanuni kwamba bima isubiri mpaka aliyeumia awe amefidiwa kikamilifu. Kanuni nzuri. Shida ni kwamba mkataba wa mpango unaweza kuifuta kwa sentensi moja.

Ndipo nilipojifunza jina la McCutchen. Huyu alikuwa mfanyakazi wa US Airways aliyeumia vibaya kwenye ajali ya gari. Mpango wa kampuni ulimlipia matibabu ya dola 66,866. Alipata 10,000 kwa dereva na 100,000 kwenye bima yake mwenyewe, ile ile aina niliyoikataa mimi. Wakili akachukua asilimia 40, akabaki na 66,000. Mpango ukadai 66,866. Alikuwa anatakiwa alipe dola 866 kwa kuwa ameumia. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, Jaji Elena Kagan akaandika kwamba maneno ya mpango ndiyo yanayotawala, na hoja ya haki haiwezi kuyashinda. Lakini pale mpango uliponyamaza kuhusu ada ya wakili, kanuni ya kawaida inaingia: anayefaidika na jasho la wakili achangie kumlipa.

Hilo neno "uliponyamaza" ndilo lililoniokoa kwa kiasi fulani.

Kwanza ilibidi kujua mpango wangu ni wa aina gani. Kuna kampuni zinazonunua bima kwa kampuni ya bima, na hizo sheria ya jimbo inazifikia. Texas ina sheria, inayofanya kazi tangu 2014, inayosema bima ya namna hiyo haichukui zaidi ya nusu ya fidia, na kwenye hiyo nusu inapunguza ada ya wakili. Kuna kampuni nyingine, hasa kubwa, ambazo zinalipa matibabu ya wafanyakazi kwa fedha zao zenyewe, na kampuni ya bima tunayoiona kwenye kadi inashughulikia makaratasi tu. Hizo ziko chini ya sheria ya shirikisho ya 1974, ERISA, na sheria ya Texas haizigusi. Unajuaje? Hapa Texas itazame kadi yako. Ikiwa na herufi TDI au DOI, yaani idara ya bima ya jimbo, jimbo linaisimamia. Yangu haikuwa nazo. Nimewatazamia kadi watu wengi tangu siku ile, kanisani, kwenye shughuli, hata kwenye foleni ya saluni.

Pili, kuuomba mkataba wenyewe. Si kijitabu cha muhtasari tunachopewa siku ya kuanza kazi. Mkataba. ERISA inakupa haki ya kuuomba kwa maandishi, na barua inakwenda kwa msimamizi wa mpango, ambaye mara nyingi ni mwajiri. Watu wanaokudai wakikujibu "tayari tumekutumia ukurasa unaohusika," hilo si jibu. Msimamizi ana siku 30. Akipitisha, jaji anaweza kumtoza hadi dola 110 kwa kila siku. Sisi tulituma kwa barua ya rejista, nikaweka risiti ya posta kwenye Biblia. Ukaja siku ya 26, kurasa 140.

Kijitabu changu cha muhtasari kilikuwa kimeandika wazi kwamba bima inarudishiwa yote bila kukatwa ada ya wakili. Mkataba wenyewe haukusema neno kuhusu ada ya wakili. Wakili alifurahi kama aliyeokota pete. Mahakama hiyo hiyo ya Juu, mwaka 2011, ilishasema muhtasari unaueleza mpango lakini si mpango wenyewe.

Tatu, kuomba orodha ya kila malipo wanayodai, mstari kwa mstari. Hili nililifanya mwenyewe, usiku, na kalenda pembeni. Nikakuta wameingiza kipimo changu cha matiti na safari mbili za kwa daktari kwa ajili ya presha. Jumla dola 1,310. Presha ninayo tangu mimba ya mwisho, haikuletwa na pikapu. Zikafutwa, deni likashuka hadi 22,450. Ukitoa sehemu yao ya kumlipa wakili na gharama, ikabaki 14,658. Kwangu 4,930.

Kipindi hiki ndipo shemeji yangu aliponishauri jambo, na najua wengi wanashauriwa hivyo. Alisema, "Hela zikishatoka, zitume nyumbani zote siku hiyo hiyo. Watakudai nini kama huna?" Alilisema kwa mapenzi. Na ana kitu, kwa sababu Januari 2016, katika kesi ya Montanile, Mahakama ya Juu iliamua karibu hivyo. Mpango ulikuwa umemlipia huyo Montanile dola 121,044 za matibabu, akapata fidia ya 500,000. Wakili wake akautaarifu mpango kwamba ataachia hela baada ya siku 14 wasipopinga. Wakanyamaza, wakaja kushtaki miezi sita baadaye. Mahakama ikasema kama zile hela zilishaliwa kwenye vitu visivyofuatika, mpango hauwezi kugeukia mali zake nyingine.

Lakini soma vizuri hapo. Vitu visivyofuatika ni chakula, safari, kodi ya mwezi. Ukinunua gari au kiwanja, hela zinafuatika mpaka hapo. Na mpango uliokuwa macho hausubiri miezi sita, unakushtaki hela zikiwa bado kwenye akaunti ya amana ya wakili. Na kuna mikataba, wangu ukiwa mmojawapo, inayoruhusu mpango uzuie matibabu yako yajayo mpaka deni liishe. Mimi nilikuwa bado na upasuaji wa kutoa lile bamba, na mwanangu mwenye pumu yumo kwenye bima hiyo hiyo. Nilimwambia shemeji, siwezi kuiweka pampu ya mtoto rehani kwa ajili ya mabati.

Mwisho tuliandika barua ya kuomba huruma. Hakuna sheria inayowalazimisha waisikilize, lakini huwa wanasikiliza. Niliambatanisha barua ya HR ya siku nilizokosa kazi, risiti za kodi ya nyumba niliyochelewesha, na maelezo ya daktari kwamba goti halitakunjika lote tena. Wakaanza na 13,000. Wakili akakataa. Baada ya wiki tatu wakakubali 10,000, kwa maandishi, kwamba deni limekwisha. Usikubali la simu.

Nikapata 9,588. Wakili 10,000, bima 10,000, mimi 9,588. Kisima hakikuchimbwa. Mabati yalinunuliwa, ya vyumba viwili.

Wazazi wenu walioko kwenye Medicare, bima ya serikali ya wazee, nao wana deni la namna hii, na hilo ni la serikali kuu. Ukishapata barua ya mwisho ya kudaiwa, riba huhesabiwa tangu tarehe ya barua usipolipa ndani ya siku 60, msiifiche kwenye droo. Watoto walioko kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wana afadhali kidogo: tangu kesi ya Ahlborn ya 2006 jimbo haliruhusiwi kugusa fidia yote, ila ile sehemu iliyo ya matibabu tu. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba matibabu yajayo nayo yamo katika hiyo sehemu ambayo jimbo linaweza kuichukua. Nilisikitika nilipolisoma hilo, kwa kuwa aliyeleta kesi alikuwa msichana wa Florida aliyegongwa akishuka kwenye basi la shule.

Bima ya gari nimeirudia. Zile karatasi mbili za kukataa sikuzisaini, naongeza dola 19 kwa mwezi.

Mwezi uliopita dada mmoja wa kutoka Bukavu, tunasali pamoja, alinionyesha bahasha. Karatasi moja, maswali yale yale: nani alikosea, una wakili? Mkono wake bado uko kwenye plasta. Tuliikagua kadi yake, haina TDI wala DOI. Tukaandika barua kwa mwajiri wake kwa jina la msimamizi wa mpango, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, tukaenda wote posta ya Bellaire kuirejista. Siku ya 30 ni Jumanne ijayo.