Jeki ya kukamulia alizeti: wiki ya tatu

Jumamosi. Mashine imesimama uani hapa Uyole: fremu ya chaneli za chuma, silinda yenye matundu, na jeki ya gari ya tani 10. Alizeti imetoa mafuta ya kulowesha kidole tu. Mkono wa jeki unazama laini, kama napiga pampu ya baiskeli. Nilidhani sili, ule mpira wa kuzuia oili isivuje, imekwisha. Nimeifungua, ni nzima. Jirani yangu, fundi wa breki, kaugusa mkono mara moja: "Mdogo wangu, hii ina upepo. Utoe."

Jumapili. Nilitaka kujua kwa nini upepo kidogo tu ulete shida yote hii. Nikachukua bomba la sindano, nikavuta hewa hadi mililita 10, nikaziba ncha kwa kidole gumba na kusukuma. Ikafika 5 bila taabu. Nikarudia kwa maji: 10 ikabaki 10, na kidole kikauma. Molekuli za hewa ziko mbalimbali, kuzigandamiza ni kuzisogeza karibu. Za maji zimeshagusana, na ukizisukuma zaidi elektroni zake zinakataana. Maji hugandamizika kidogo sana, John Canton alilionyesha hilo Uingereza mwaka 1762, ila kupunguza ujazo wake kwa asilimia 1 kunataka kanieneo mara 220 hivi ya ile ya hewa usawa wa bahari. Oili ya jeki nayo ni ngumu karibu vivyo hivyo. Kumbe jasho langu lote lilikuwa linaishia kwenye mapovu.

Jumatatu jioni. Nimefungua valvu ya kuachia, nikapiga mkono mara kumi na tano, nikajaza oili, nikafunga. Safari hii pistoni ilipogusa mzigo tu, mkono ukawa mgumu. Mafuta yakaanza kuchuruzika, ya rangi ya asali, tundu baada ya tundu. Niliacha kupiga nikawa natazama tu. Kinachopungua mle ndani ni nafasi kati ya mbegu. Mafuta hayakubali kupungua, ndiyo maana yanatafuta pa kutokea. Mashudu yaliposhuka hadi nusu, yakagoma.

Chaneli ya juu imepinda milimita 4. Chuma hukataa kugandamizwa zaidi ya mara 70 kuliko maji, lakini kupinda hakupunguzi ujazo, ni kubadili umbo tu, na hapo chuma hulegea mapema. Kesho naenda Mwanjelwa kutafuta chaneli nene.