Wewe ukichelewa

Tangu Jumamosi usiku kuna swali la Mama linanizunguka kichwani. Nabadilisha mashuka wodini, linakuja. Nimesimama foleni ya mkate, linakuja. Naliandika hapa, huenda likatulia.

Nilimpeleka Rothenburg, ule mji wa ukuta wa hapa Ujerumani niliomwahidi tangu hajapata viza. Wiki yenyewe ilikuwa nzito: nimetia saini mkataba wa kudumu wodini, ndugu yangu Mwanaidi amejifungua salama kule Muheza, mtoto wa kiume, alhamdulillahi. Yote hayo nimeyapokea kwa furaha. Lakini nikilaza kichwa, ninachokisikia ni sauti ya Mama pale langoni.

Kutoka Nürnberg unabadilisha treni Ansbach, unabadilisha tena Steinach, kisha unapanda kitreni kidogo cha mwisho. Mama alivaa koti langu jeusi juu ya dera, mtandio wa sufu, soksi mbilimbili. Kutoka stesheni unatembea kidogo tu, unapita chini ya mnara wa Rödertor, na ghafla njia ni ya mawe na nyumba zimebanana, mapaa yamesimama wima kama yanasukumana. Mama akasimama katikati ya njia. "Hapa watu wanakaa kweli, au ni pa kutazamwa tu?" Nikamwonyesha baiskeli ya mtoto ukutani, mapipa ya taka, bibi mmoja anakung'uta zulia dirishani. Akaridhika, tukaendelea.

Usiku tukamfuata mlinzi. Wasiojua: kuna bwana anawatembeza wageni amevaa joho jeusi, taa mkono mmoja, mkono mwingine ameshika shoka la mpini mrefu, anasimulia namna mji ulivyolindwa zamani. Alitufikisha lango la magharibi, Burgtor. Juu yake kuna uso wa jiwe uliochongwa, mdomo wazi. Kupitia mdomo huo adui alimwagiwa lami ya moto. Na kwenye lango lenyewe mlikatwa kijilango, cha kupita mtu mmoja tena ameinama, ili usiku aingizwe mmoja mmoja bila kufungua lango zima, adui asipate pa kujipenyeza. Jua likizama, mji unafungwa. Aliyechelewa nje, shauri yake.

Nilikuwa namtafsiria Mama sikioni, neno kwa neno. Akaniuliza:

"Mtu akichelewa anafungiwa nje?"

"Ndiyo, Mama."

"Hata akiwa wa humu humu?"

"Hata akiwa wa humu humu."

Akanyamaza. Watu wakaanza kusogea, sisi bado tumesimama. Alikuwa anaangalia bawaba za lango, si mimi.

"Na wewe ukichelewa, nani anakufungulia?"

"Nina ufunguo wangu, Mama."

"Sikuuliza ufunguo."

Basi. Akanishika mkono, tukawafuata wenzetu.

Nimeyarudia maneno hayo mpaka nimejua alipumua wapi. Mara ya kwanza niliyasikia kama nilivyozoea kuyasikia ya shangazi zangu: umri unakwenda, nyumba haina mwanamume. Iliniuma, nakiri iliniuma, kwa sababu Mama hajawahi kuniambia hivyo hata siku moja, na kwa sababu zamu ya usiku ninayotoka saa sita na kupanda treni ya mwisho ndiyo iliyomlipia Mwanaidi chuo. Halafu nikairudia tena na kusikia kwamba sauti haikuwa ya lawama hata kidogo. Ilikuwa sauti ile ile anayoulizia bei ya samaki, anapotaka kujua kweli. Kulikucha bado naipindua.

Na kilichonizidishia ni tulikopita. Mlinzi alikuwa amegusia Wayahudi wa mji huu. Karne ya 13 aliishi hapa Rabi Meir, mwalimu mkubwa, mpaka leo jina la mji limebaki ubavuni mwa jina lake. Mwaka 1520 Wayahudi wakafukuzwa wote. Mtaa wao upo, Judengasse, na nyumba za zamani zipo, kimya, maua dirishani. Tulipita pale tukirudi kulala. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Wa humu humu," na hakuongeza kitu. Mimi niliyeomba mkataba wa kudumu katika nchi hii, na nikaupata, sikuweza kupita mtaa ule hivi hivi. Ukuta unaozuia jeshi unaweza pia kumgeukia jirani wa mlango wa pili. Nalisema hili bila kupunguza.

Asubuhi mambo yakawa mengine kabisa. Jua lilitoka, baridi ikalegea, na tukapanda ngazi kwenda juu ya ukuta. Kule juu kuna njia ya kutembea iliyoezekwa, sakafu inalia chini ya viatu, upande mmoja matundu ya kupigia mishale, upande wa pili unaona mapaa ya vigae vyekundu. Unaweza kutembea zaidi ya kilomita 2 juu ya ukuta. Mama, ambaye ngazi za kwangu zinamchosha, alitangulia.

Kisha akaanza kuona majina. Yamechongwa kwenye vijiwe vilivyopachikwa ukutani: jina, mji, nchi, na idadi ya mita. Akadhani ni makaburi. Nikamweleza kwamba tarehe 31 Machi 1945 ndege za Marekani zilipiga mabomu na sehemu kubwa ya upande huu wa mji ikateketea, pamoja na ukuta. Vita vilipokwisha watu wakachangia kuujenga upya, mtu mita moja, mtu mita mbili. Wengine Wajapani, wengine Wamarekani wenyewe.

"Waliopiga ndio waliochanga?"

"Baadhi yao."

Nikamwongezea aliyosimulia mlinzi kuhusu John McCloy, mkubwa katika wizara ya vita ya Marekani, aliyezuia mizinga isiumalize mji uliobaki kwa sababu mama yake aliwahi kufika hapa na kumhadithia uzuri wake. Mama alicheka kwa furaha. "Unaona? Mwanamke mmoja kutembea!" Akaweka kiganja kwenye jiwe la watu wa Japani, akalipapasa herufi moja moja, akaniambia nimpige picha hapo hapo, siyo kwenye kona ile ya Plönlein ambako kila mtu anapiga.

Tulikaa kwenye ngazi za ukuta tukala Schneeball, yale mabonge ya unga wa kukaanga yaliyomwagiwa sukari. Akasema mkono wa mpishi mzuri ila pakosa iliki. Na hapo, akijikung'uta sukari, bila kuulizwa:

"Baba yako alipokuwa utingo wa malori ya katani, akirudi usiku wa manane. Hakuwa na ufunguo. Nalala sijalala. Nikisikia lori linazima, nainuka natoa komeo, narudi, ndipo nageuka upande."

Kisha akauliza treni saa ngapi.

Sikumuuliza kama ndiyo alichokuwa akitaka kusema usiku ule. Nilimfunga koti vifungo, tukaenda stesheni, na nilikuwa na raha ambayo sikumbuki niliipata lini mara ya mwisho. Kama nilimwelewa, nilimwelewa. Kama nimejitengenezea maana ya kunipoza, jana usiku nilipotoka zamu taa ya jikoni ilikuwa inawaka na chai iko mezani, na yeye kajifanya amelala.

Sasa kubwa ni Tanga. Kaka kanitumia picha leo mchana: shimo la choo cha uani limetitia upande mmoja na masika ndiyo kwanza yameanza. Fundi anataka nusu ya hela kabla hajaleta hata tofali moja. Kaka amesema nisimwambie Mama, na Mama tangu asubuhi ananiuliza kwa nini Kaka hapokei simu.